Kumtambua sistikola chiniana kwa sikio: mwongozo kamili kwa vichaka vya Tabora

Msimu wa mvua unapokolea, kila njia inayotoka Tabora mjini, iwe ya kwenda Kwihara, Igombe au Urambo, hupita katikati ya sauti za ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayeimba kileleni mwa kichaka huku mdomo wake ukiwa wazi kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Cisticola chiniana, na katika mwongozo huu ataitwa sistikola chiniana, au chiniana kwa kifupi. Ni mmoja wa ndege waimbaji walio wengi sana katika savana kavu na vichaka vya mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Ethiopia na Sudan Kusini hadi Angola na Afrika Kusini. Hahami msimu unapobadilika, na wala hahesabiwi miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Pamoja na wingi huo, hata watu wanaopenda ndege kwa dhati humpita bila kumwandika katika daftari zao, kwa sababu jenasi yake ina spishi zipatazo 50, na nyingi kati ya hizo zinafanana kiasi kwamba rangi peke yake haitoshi kuzitenganisha.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba sistikola hutambuliwa kwanza kwa sauti, kisha kwa mahali anapokaa, kisha kwa mwenendo wake, na manyoya yaje mwisho. Anayeanza na manyoya hupoteza asubuhi nzima akipekua picha za ndege kumi wanaofanana, ilhali wimbo ungempa jibu kwa dakika chache. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata msimamo huo, na zinamfaa mwanafunzi, mwalimu, mfuga nyuki, mwongoza watalii au mkulima mwenye shauku, hata kama hana darubini.

Hatua ya kwanza: chagua msimu na saa

Mkoa wa Tabora una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuishia Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu cha Mei hadi Oktoba. Chiniana huzaliana wakati wa mvua, kwa kuwa ndipo nyasi hurefuka kiasi cha kuficha kiota na wadudu huwa tele wa kuwalisha makinda. Kwa hiyo dume huanza kuimba kwa bidii mvua za kwanza zinapotulia, na anayejifunza kwa mara ya kwanza atapata faida kubwa zaidi kati ya Desemba na Februari, wakati ambapo madume huwa wanaimba kwa kushindana kutoka kichaka hadi kichaka.

Kuhusu saa, inafaa kukumbuka kwamba Tabora iko mbali upande wa magharibi, hivyo jua huchelewa kuchomoza kwa dakika 25 hivi likilinganishwa na Dar es Salaam. Mwezi Desemba jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Uwe umekwisha kufika mahali pako robo saa kabla ya hapo. Kipindi kizuri huendelea hadi saa tatu, na baada ya hapo joto hupunguza uimbaji, ingawa chiniana ni mmoja wa ndege wachache ambao bado utawasikia hata mchana. Mvua ikinyesha usirudi nyumbani haraka: mara tu inapokatika, madume hupanda tena vileleni na kuimba kwa kipindi kizuri.

Hatua ya pili: chagua mahali panapostahili

Watu wengi hudhani kwamba ndege wa porini hutafutwa ndani ya pori lililosimama. Kwa chiniana, dhana hiyo itakupeleka pasipofaa. Ndani kabisa ya miombo iliyokomaa, penye mitundu na miyombo iliyofungana matawi, hutamsikia kwa urahisi. Yeye hutaka vitu vitatu kwa pamoja: vichaka vilivyotawanyika, nyasi za kutosha chini yake, na vilele vilivyo wazi vya kuimbia. Nyasi humpa mahali pa kujenga kiota na pa kutafutia chakula, ambacho ni mchwa, panzi, viwavi, mbawakawa na wadudu wengine wadogo, na kilele humpa mahali pa kutangazia mipaka yake.

Katika wilaya za Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, mazingira hayo yapo tele kwenye mashamba ya tumbaku na mahindi yaliyopumzishwa, ambapo visiki vya miombo vimechipua upya na machipukizi yamefikia kimo cha mtu. Pembezoni mwa barabara za vumbi na kingo za vijiji pia hufaa sana. Ukienda upande wa Nzega na Igunga, ambako ardhi ni kavu zaidi na migunga imetawala, utamkuta katika vichaka vya miiba vinavyozunguka mbuga, lakini si katikati ya majaruba ya mpunga wala katika nyasi tupu zisizo na kichaka. Ni jambo la kutia moyo kwamba ndege huyu ananufaika na ardhi ambayo binadamu ameitumia na kuiacha, kwani maana yake mwanafunzi wa shule yoyote ya kata anaweza kumsoma bila kupanda gari.

Kabla ya kuingia katika shamba la mtu, omba ruhusa. Salamu ya mwangaluka kwa mzee unayemkuta shambani asubuhi, ikifuatwa na maelezo mafupi ya unachotafuta, hufungua mlango na mara nyingi hukupatia pia mtu wa kukuonyesha njia. Mgeni asiyefahamika ajitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, na anayetaka kuingia katika hifadhi ya msitu apate kibali kwanza kutoka ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Uliza pia ilipo mizinga, kwa sababu Tabora ni nchi ya asali na si vizuri kusimama muda mrefu mbele ya mlango wa mzinga.

Hatua ya tatu: andaa vifaa vichache

Daftari, penseli na simu yenye uwezo wa kurekodi sauti vinatosha kuanzia. Darubini ya kukuza mara 8 itakusaidia katika hatua ya kuthibitisha, lakini ukosefu wake usikuzuie. Vaa viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, kwa kuwa kifutu hupenda kulala kimya katika nyasi hizo hizo, na kama unaelekea maeneo yenye mbung'o epuka nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, ambazo huwavuta.

Hatua ya nne: jifunze muundo wa wimbo kabla hujaenda

Hatua hii haina njia ya mkato, na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko nyingine zote.

Wimbo wa chiniana una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni utangulizi wa milio michache, kwa kawaida miwili hadi minne, mikali na inayofanana, ambayo sikio la Kiswahili huweza kuiandika kama chii-chii-chii au chwee-chwee-chwee. Sehemu ya pili hufuata papo hapo bila kupumzika, nayo ni mtatariko wa haraka, trrr-trrr-trrr, unaofanana na manyanga yanayotikiswa kwa mkono mwepesi. Wimbo wote hauchukui zaidi ya sekunde mbili au tatu, kisha kuna kimya kifupi, kisha unarudiwa, na dume mwenye bidii huweza kuurudia kwa dakika nyingi bila kuhama kileleni.

Jambo linalowachanganya wanaoanza ni kwamba mtatariko haufanani siku zote. Dume mmoja huwa na namna kadhaa za kumalizia, na jirani yake ana za kwake. Mwingine hupandisha sauti mwishoni, mwingine huishusha, mwingine huongeza milio miwili myembamba. Kwa sababu hiyo usijaribu kukariri wimbo mmoja kama unavyokariri wimbo wa shuleni. Kariri muundo: utangulizi wa milio inayofanana, kisha mtatariko wa kasi. Ukishika muundo huo, tofauti za madume hazitakusumbua.

Zoezi lenyewe lifanye hivi. Ingia katika tovuti ya xeno-canto, ambayo tangu mwaka 2005 imekuwa ikikusanya sauti za ndege wa dunia nzima na kuzitoa bure, andika jina Cisticola chiniana, na uchague rekodi zilizofanywa Tanzania na nchi jirani kama Zambia. Sikiliza rekodi moja mara tatu bila kufanya jambo lolote. Mara ya nne andika katika daftari milio unayosikia kwa silabi zako mwenyewe, hata kama mtu mwingine angeandika tofauti, kwa sababu silabi ulizotunga wewe ndizo zitakazokurudia kichwani ukiwa porini. Kisha piga kofi kwa kila mlio wa utangulizi na sugua viganja wakati wa mtatariko. Mkono husaidia sikio kutenganisha sehemu mbili. Rudia kwa rekodi nyingine, ukichagua zenye sauti tofauti kadiri iwezekanavyo. Kama intaneti kijijini ni ya shida, pakua rekodi chache ukiwa mjini na uzihifadhi katika simu.

Jifunze pia mlio wa hofu. Chiniana akimwona mtu, paka au nyoka karibu na eneo lake, hutoa mlio mkavu wa kukaripia, chaa-chaa-chaa, akiurudia kwa muda mrefu huku akirukaruka juu ya kichaka na kutikisa mkia. Majike hutoa mlio huu pia, nao hutumika mwaka mzima, ndiyo maana mtu anayeujua humpata ndege huyu hata katika miezi ambayo hakuna anayeimba.

Hatua ya tano: mtafute mwimbaji kwa utulivu

Ukifika mahali pako, simama. Usianze kutembea kwa angalau dakika tano, wala usiinue darubini. Fumba macho ukiweza, geuza kichwa polepole, na uchague sauti moja tu ya kufuata. Ukishajua upande inakotoka, tazama kitu kilicho upande huo, kwa mfano mti mkavu au kichuguu, kisha sogea hatua ishirini kuelekea kushoto au kulia na usikilize tena. Mahali ambapo mielekeo miwili inakutana ndipo alipo mwimbaji.

Dume wa chiniana hajifichi anapoimba. Hukaa juu kabisa ya kichaka, juu ya tawi kavu, juu ya bua la mahindi lililobaki shambani, hata juu ya nguzo ya uzio. Msogelee kwa vipande, ukisimama kila anaponyamaza na ukisogea anapoimba, na utafute njia itakayoliweka jua mgongoni mwako. Umbali wa mita 20 hadi 25 unatosha kwa mwenye darubini. Mwimbaji akiacha wimbo na kuanza kukaripia, umekaribia kupita kiasi. Rudi nyuma polepole na umpe nafasi.

Hatua ya sita: thibitisha kwa macho, kwa mpangilio

Tazama mdomo kwanza. Dume aliye katika msimu wa kuzaliana ana weusi ndani ya mdomo, na kwa kuwa huufungua sana anapoimba, weusi huo huonekana vizuri hata kwa mbali. Baada ya hapo tazama mgongo, ambao ni wa kijivu na kahawia wenye michirizi ya giza. Utosi una wekundu hafifu wa kutu, na kwa kawaida una michirizi isiyokolea. Ukingo wa mbawa nao una wekundu kidogo, tumbo ni jeupe lenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na hudhurungi, na mkia, ambao ni wa urefu wa wastani, una madoa meusi karibu na ncha na ncha zenyewe ni nyeupe nyeupe. Urefu wa mwili ni kati ya sentimita 12 na 15 hivi, na dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi kinachoonekana ukiwapata wote wawili pamoja.

Katika orodha hiyo hakuna alama hata moja inayotosha yenyewe. Mgongo wenye michirizi unao sistikola wengi, na utosi wenye wekundu pia. Ni wimbo, kichaka, mdomo mweusi na mgongo wenye michirizi, vyote kwa pamoja, vinavyokuruhusu kuandika jina bila wasiwasi.

Hatua ya saba: waondoe wanaofanana naye

Ugumu wa kundi hili ni wa zamani. Andrew Smith alimweleza chiniana kisayansi mwaka 1843, lakini spishi za jenasi hii ziliendelea kuchanganywa kwa miongo mingi, na ilibidi ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Hubert Lynes, azunguke Afrika kwa miaka kadhaa ndipo aweze kuchapisha mapitio ya jenasi nzima mwaka 1930. Hivyo usione aibu kuchukua muda. Wafuatao ndio wanaoweza kukuchanganya katika mkoa wa Tabora na maeneo ya jirani hadi Kigoma.

Wa kwanza, na anayestahili heshima maalumu, ni Cisticola angusticauda, ambaye kwa Kiingereza amepewa jina la mji wa Tabora. Mjerumani Anton Reichenow alimweleza mwaka 1891, katika kipindi ambacho Unyamwezi ilikuwa imekwisha kutoa vielelezo vingi vya ndege na mimea. Mtafiti Richard Böhm, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa amekaa na kukusanya katika nchi hii, na jina lake bado limebaki katika jina la kitaalamu la myombo, Brachystegia boehmii. Angusticauda ni ndege wa miombo yenyewe. Ni mwembamba, mkia wake ni mrefu na mwembamba, mgongo wake hauna michirizi, na utosi wake una wekundu safi uliokolea. Mara nyingi huonekana katika vikundi vidogo vinavyopita mtini hadi mtini. Kama ndege wako ana mgongo wa rangi moja na yuko ndani ya miti, acha kumfikiria chiniana. Kila mpenda ndege wa Tabora anapaswa kumjua huyu, kwa sababu wageni husafiri kutoka mbali ili kumwona na wenyeji wengi hawajawahi kuelezwa kwamba yupo.

Cisticola woosnami huleta mkanganyiko wa sauti zaidi kuliko wa macho. Yeye pia hutatarika, lakini mtatariko wake ni mmoja mrefu ulio katika kimo kilekile cha sauti, unaoanza taratibu na kuongezeka nguvu, na hauna utangulizi wa milio mikali. Mgongo wake karibu hauna michirizi, na hupenda miteremko yenye miti, kama ile unayoikuta ukielekea Kigoma. Hapa ndipo utaona faida ya kupiga kofi na kusugua viganja: ukijikuta unasugua tu bila kupiga kofi, unamsikiliza woosnami.

Cisticola natalensis ni mkubwa na mnene, ana mdomo mzito, na makazi yake ni nyasi ndefu zenye vichaka vya hapa na pale. Ana michirizi mgongoni kama chiniana, hivyo macho yanaweza kudanganyika, lakini sauti yake ni ya kukoroma inayokaribia ya chura, na mara kwa mara huitoa akiwa anaruka juu ya nyasi.

Cisticola brachypterus ni mdogo, mwenye mkia mfupi na sauti nyembamba ya juu sana ambayo watu wenye umri mkubwa wakati mwingine hawaisikii kabisa. Hukaa kileleni mwa mti ulio peke yake. Cisticola juncidis ni mdogo pia, naye hujulikana kwa kuruka kwa mawimbi juu ya nyasi fupi na majaruba, akitoa mlio mmoja mkali, zit, kwa kila wimbi. Cisticola erythrops hana michirizi, hukaa kwenye majani mazito kando ya mito na mabwawa, kama pembezoni mwa bwawa la Igombe, na sauti yake ni ya miluzi inayopanda.

Mwisho kuna ndege wa jenasi nyingine, Prinia subflava, anayeshiriki vichaka vilevile na chiniana kila siku. Ana mkia mrefu uliochongoka anaoupeperusha huku na huko, ana nyusi nyeupe iliyo wazi, na mgongo wake hauna michirizi. Ukimwona mara mbili tatu hutamchanganya tena.

Hatua ya nane: mfuate hata kiangazi

Kuanzia Juni hadi Septemba wimbo hupungua sana na ndege hukaa chini zaidi katika nyasi zilizobaki. Sikiliza mlio wa kukaripia badala ya wimbo, na tafuta sehemu ambazo moto wa kiangazi haujapita. Kama eneo lako huchomwa kila mwaka, andika tarehe ya moto na utazame ndege walihamia kichaka gani; taarifa hiyo ndogo ina thamani, kwa sababu ndege asiyehama hana budi kupata kimbilio katika eneo lilelile.

Hatua ya tisa: chora ramani ya madume

Mtu akishaweza kumtambua chiniana kwa sikio, anaweza kufanya kazi ya kweli ya kisayansi kwa penseli na karatasi. Dume hulinda eneo lake wakati wa kuzaliana, na kwa kuwa huimba kutoka vilele vichache anavyovirudia, mipaka ya eneo hilo inaweza kuchorwa.

Chagua njia ya mguu yenye urefu wa kilomita moja hadi mbili inayopita katika vichaka. Chora ramani yake kwa mkono, ukionyesha miti mikubwa, vichuguu, nyumba na mikondo ya maji. Tembea njia hiyo mara moja kwa wiki, saa ileile ya asubuhi, kwa mwendo wa taratibu, ukiweka alama ya nukta kila mahali dume anapoimba. Tumia nakala mpya ya ramani kila wiki. Ukiwasikia madume wawili wakiimba kwa wakati mmoja, unganisha nukta zao kwa mstari wa vikato, kwani huo ndio ushahidi kwamba ni ndege wawili na si mmoja aliyehama kichaka. Ukimwona dume akiruka kutoka kilele kimoja hadi kingine, unganisha nukta kwa mstari kamili.

Baada ya wiki kadhaa weka ramani zote juu ya moja. Utaona nukta zimejikusanya katika mafungu, na mistari ya vikato itakuonyesha mahali fungu moja linapoishia na jingine linapoanza. Kila fungu ni eneo la dume mmoja. Ukirudia zoezi hilo mwaka unaofuata katika njia ileile, utakuwa na kipimo cha kulinganisha, na ukilinganisha shamba lililopumzishwa na lile linalolimwa kila mwaka, utakuwa na jibu ambalo mkulima na ofisa misitu wote watataka kulisikia. Shule yenye klabu ya mazingira inaweza kugawana njia nne au tano kwa vikundi vya wanafunzi.

Hatua ya kumi: usimdhuru unayemsoma

Kiota cha chiniana ni cha mviringo, chenye mlango ubavuni, kilichofumwa kwa nyasi kavu na kushikizwa kwa utando wa buibui, nacho huwekwa chini sana, katika shungi la nyasi au chini ya kichaka. Jike hutaga mayai matatu au manne kwa kawaida, yenye rangi zinazotofautiana kutoka weupe hadi waridi au bluu hafifu, yakiwa na madoadoa. Nasihi kwa mkazo kwamba usikitafute. Anayepita nyasini huacha njia, na njia hiyo huwaongoza nyoka, nguchiro na watoto wenye manati. Ukikutana na kiota kwa bahati, ondoka kwa kuendelea mbele badala ya kurudi ulikotoka, usiguse nyasi zinazokifunika, na uandike mahali pake ukiwa mbali.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya asili na haihitaji msaada wa binadamu. Ndege aitwaye Anomalospiza imberbis, ambaye dume wake ni wa manjano na mdomo wake ni mnene, hutaga mayai katika viota vya sistikola na prinia na kuwaachia wenyeji kazi ya kulea. Ukimwona chiniana akimlisha kinda lisilofanana naye, mpige picha kwa mbali na uandike tarehe, kwani huo ni ushuhuda wenye thamani kubwa.

Usitumie rekodi ya wimbo kumvuta dume karibu wakati wa kuzaliana. Yeye hudhani ameingiliwa na mpinzani, huacha kula na kulinda, na huchoka bure. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Watoto wanaowinda kwa manati waelezwe kwa upole na wapewe kazi ya kuhesabu nukta katika ramani. Wana masikio makali kuliko ya watu wazima, na wengi wao hufurahia kazi hiyo.

Hatua ya kumi na moja: rekodi, andika, shiriki

Zima mtandao wa simu ili mlio wa ujumbe usiharibu kazi. Fungua programu ya kurekodi na, kama inaruhusu, chagua faili la WAV, ambalo halipunguzi ubora wa sauti. Elekeza kwa ndege upande wa simu wenye kipaza sauti, ambao kwa kawaida ni wa chini, kinga upepo kwa kitambaa chepesi au kwa mwili wako, na usibadilishe mshiko wako katikati, kwa kuwa msuguano wa vidole husikika kama ngurumo. Rekodi dakika mbili mfululizo, kisha, kabla ya kuzima, taja kwa sauti yako jina la ndege, kijiji, tarehe, saa, aina ya kichaka na kama ulimwona au ulimsikia tu.

Jioni hiyohiyo hamishia maelezo katika daftari, yakiwa na idadi ya madume na hali ya hewa. Ukiwa na akaunti ya eBird, tovuti ya kuhifadhi orodha za ndege walioonekana au kusikika, ambayo hufunguliwa bure, ingiza orodha ya ndege wote uliowatambua asubuhi hiyo pamoja na muda uliotumia na umbali uliotembea, kwa kuwa orodha kamili ina manufaa zaidi kwa watafiti kuliko ndege mmoja aliyechaguliwa. Programu za simu zinazokisia jina la ndege kutokana na sauti zinaweza kukupa dokezo, lakini kwa sistikola wa magharibi mwa Tanzania usiandike jina kwa sababu tu programu imelitaja. Lilinganishe kwanza na muundo wa wimbo na kichaka ulichosimama. Rekodi zilizo safi zipeleke xeno-canto ukitaja wilaya na kijiji, na zile ambazo hukuweza kuzitambua zihifadhi katika folda yake yenye tarehe, kwa sababu tovuti hiyo inapokea pia sauti za ndege wasiotambuliwa na kuwaachia wasikilizaji wengine wapendekeze jina.